Koneksheni Ipo, Lakini CV Yako Isiwarahisishie Kazi

Vijana wenzangu, kila tukikaa kijiweni kuzungumzia ajira hoja ni ileile: bila koneksheni hupati kitu. Sibishi. Mwaka 2014 tuliona zaidi ya vijana 10,000 wamejazana Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 tu za Idara ya Uhamiaji. Foleni kama ile ni matokeo ya sera mbovu, na hakuna CV itakayoimaliza. Hilo tutaendelea kulisema majukwaani.

Ila kuna upande wa pili tunaukwepa. Wengi wetu tunatolewa mapema, kabla hata mjomba wa mtu hajapiga simu. Tunampa mchujaji sababu ya kututoa kihalali kabisa.

Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Masharti ni yaleyale kila siku: barua iliyosainiwa, CV yenye anwani, simu na barua pepe inayofanya kazi, wadhamini watatu wa kuaminika, nakala za vyeti zilizothibitishwa. Wanasema wazi kwamba hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Bado mtu anapakia hati ya matokeo, anasubiri miezi, halafu analalamika kaonewa. Mwingine cheti kina jina moja na NIDA ina jingine, na hana hati iliyosajiliwa ya kubadili jina. Mwingine kamwandika mdhamini ambaye hata hajui kama kaandikwa. Akipigiwa simu anauliza, "Nani huyo?"

Halafu kuna CV za steshenari. Unamlipa kijana wa kompyuta, anafuta jina la mteja wa jana anaweka lako. Matokeo yake wote ni "wachapakazi", wote "wanafanya kazi chini ya presha", wote wanapenda kusoma na kuangalia mpira. Mwajiri anajifunza nini hapo? Andika ulichofanya: "Nilisimamia duka la pembejeo kwa miezi 8, nikifunga hesabu kila jioni na kuagiza mzigo." Huo ndio uchapakazi, na hujalitaja hata neno lenyewe. Kisha rudi kwenye tangazo, soma majukumu ya nafasi, yanayohusiana nayo yatangulie. Kazi ya uhasibu na kazi ya ualimu haziombwi kwa CV ileile. Kurasa mbili zinamtosha kijana anayeanza.

Sasa lile swali letu: kazi za chama niziandike? Mimi nasema andika kazi, acha kaulimbiu. Uliyekuwa wakala kituoni, ukakesha unahakiki kura na kujaza takwimu bila kukosea, una uzoefu. Katibu wa tawi aliyeandika mihtasari na kutunza daftari la ada ana uzoefu. Kama unaona nafasi unayoomba haihitaji hayo, yaache, ni uamuzi wako. Lakini usibadilishe jina la chama ukaweka asasi ambayo haipo. Huo ni uongo, na taarifa za kughushi zinakupeleka pabaya kuliko kukosa kazi.

Na usiogope kupita kiasi. Ibara ya 22 ya Katiba inampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi iliyo chini ya Mamlaka ya Nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya maoni ya kisiasa, na inamlinda hata mwombaji wa kazi. Najua sheria kwenye karatasi na hali ya mtaani ni vitu viwili. Lakini utadai vipi umebaguliwa wakati maombi yako yalikuwa na kasoro tatu?

Ndiyo maana napendekeza kila tawi litenge Jumamosi moja kwa mwezi. Waliosoma, walimu wastaafu, wenzetu walioajiriwa, waje wakague CV za vijana bure, mstari kwa mstari. Tukikatwa, tukatwe tukiwa na ushahidi mkononi kwamba sifa tulikuwa nazo. Hapo ndipo kelele zetu kuhusu koneksheni zitakuwa na meno.