Jiometri Inayosogea Kaloleni

Ufundishaji wa jiometri katika shule za upili za Kenya umejengwa juu ya umbo lisilosogea, yaani mchoro ambao mwalimu huuchora ubaoni mara moja, mwanafunzi akaunakili daftarini kwa rula na bikari, kisha wote wawili wakauzungumzia kana kwamba pembetatu hiyo moja ndiyo pembetatu zote. Kompyuta inaweza kuondoa upungufu huo, na safu hii inashikilia kwamba wanafunzi wa mtaa wa Kaloleni jijini Nairobi na wa mitaa jirani ya Makongeni, Mbotela na Jericho hawapaswi kuendelea kusubiri, kwa kuwa kinachohitajika ni kidogo kuliko inavyodhaniwa.

Programu inayofaa kwa kazi hii ni GeoGebra, aliyoianzisha Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, mwaka 2001, ambayo mwalimu na mwanafunzi huipata bila malipo na, ikishawekwa katika kompyuta, huitumia hata pasipo intaneti. Sifa yake kuu ni kwamba nukta iliyo huru huweza kuburutwa kwa kipanya, umbo zima likabadilika, huku mahusiano yaliyowekwa na mchoraji yakibaki vilevile. Mfano mzuri ni kanuni ya kidato cha pili isemayo kwamba pembe iliyo kwenye kitovu cha duara ni maradufu ya pembe iliyo kwenye mzingo, ikiwa zote mbili zinatazama tao moja, tao likiwa kipande cha mzingo kilicho kati ya nukta mbili. Pembe ya kitovuni ikiwa nyuzi 100, ya mzingoni huwa nyuzi 50, na mwanafunzi anayeiburuta nukta ya mzingoni kwenye tao kubwa huiona 50 ikibaki 50 popote nukta iendapo. Nukta ikivuka na kuingia kwenye tao dogo, 50 hugeuka ghafla kuwa 130. Hapo swali huzuka darasani bila kulazimishwa, na mwanafunzi anayetambua kwamba 50 na 130 hufanya 180 amekwisha kuifikia kanuni ya pembe zinazokabiliana katika pembenne iliyomo ndani ya duara, kabla hajaambiwa kwamba kanuni hiyo ipo.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Mraba uliochorwa kwa kukisia huharibika mara tu kona yake moja inapoburutwa, ilhali mraba uliojengwa kwa mistari iliyosimama wima juu ya mingine na kwa pande zilizopimwa kwa duara hubaki mraba hata ukikuzwa au kuzungushwa, kwa hiyo kompyuta humfunza mwanafunzi tofauti kati ya kuchora na kujenga kwa ukali ambao hakuna alama nyekundu daftarini iwezayo kuufikia.

Hata hivyo, kuona si kuthibitisha. Uthibitisho ni mlolongo wa hoja unaoonyesha kwamba jambo haliwezi kuwa vingine, na kwa kanuni ya duara hupatikana kwa kuchora nusukipenyo kutoka kitovuni hadi ile nukta ya mzingoni, zikatokea pembetatu mbili zenye pande mbili zilizo sawa. Mwalimu anayeishia kwenye skrini amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyo nyepesi.

Kinachozuia si uhaba wa vifaa pekee. Mpango wa kitaifa wa vifaa vya kidijitali ulioanza 2016 uliwalenga watoto wa shule za msingi, na katika shule nyingi za upili maabara ya kompyuta huachiwa wale wachache wanaosoma somo la kompyuta. Isitoshe, mtihani wa KCSE, ambao utafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027 chini ya mfumo wa 8-4-4, humtaka mtahiniwa ajenge maumbo kwa rula na bikari, hivyo mwalimu huona kwamba saa ya kompyuta ni saa iliyoibwa. Hesabu hiyo inaeleweka, lakini ina kosa, kwa sababu mkono huchora upesi zaidi pale akili inapojua umbo linaelekea wapi. Wala si lazima kila mwanafunzi awe na mashine yake: kompyuta moja na projekta mbele ya darasa, mwanafunzi mmoja akiburuta na wengine wakibashiri kitakachotokea, hutosha kwa kuanzia.

Kaloleni yenyewe ni somo. Mtaa huo ulijengwa na manispaa katika miaka ya 1940, nyumba zake za mawe zikipangwa kuzunguka ukumbi wa kijamii na maeneo ya wazi, na picha yake ya kutoka angani huweza kuwekwa ndani ya GeoGebra kama mandhari ya zoezi. Nukta zote zilizo umbali sawa kutoka ukumbini na kutoka City Stadium hufanya mstari mnyoofu, ambao bikari na rula huuchora bila shida. Lakini nukta zilizo umbali sawa kutoka ukumbini na kutoka kipande kinyoofu cha Jogoo Road hufanya mkunjo uitwao parabola, ambao bikari haiwezi kuuchora kwa mzunguko mmoja, na ambao kompyuta huufuatisha nukta baada ya nukta mbele ya macho ya mwanafunzi anayeijua barabara hiyo kwa miguu yake.

Mahali pa kufanyia kazi hiyo papo. Maktaba ya Kaloleni ni mojawapo ya maktaba za umma ambazo shirika la Book Bunk limezikarabati kwa ushirikiano na Kaunti ya Nairobi, pamoja na ile ya Makadara. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziweka maktaba mikononi mwa kaunti, ilhali shule za upili zilibaki chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo kaunti haina haja ya kuisubiri Wizara ya Elimu ili iweke katika maktaba ya Kaloleni kompyuta chache na kumlipa mwalimu mmoja wa hisabati awepo kila Jumamosi asubuhi.