Mbuzi Auzwa Chini ya Nguo, Maoni Yatakiwa kwa Barua Pepe



Katika minada ya kaskazini mwa Kenya, madalali wengi hupatana bei kwa vidole, mikono ikiwa imefunikwa kwa nguo. Mwenye mbuzi husimama kando, haoni kitu. Bei halisi wanaijua wawili tu.

Hilo ndilo linalopaswa kuwafikia watunga sheria za soko la mifugo. Mfugaji wa Tarbaj, hapa Wajir, atawafikishia kwa njia gani? Bunge la Taifa likiwa na mswada, hutangaza magazetini na kutaka maoni ya maandishi yamfikie Karani wa Bunge kwa posta, kwa barua pepe, au kwa mkono katika Majengo ya Bunge, Nairobi, kabla ya siku na saa iliyowekwa. Kutoka Tarbaj ni safari ya zaidi ya kilomita 600.

Hata kikao cha kusikiliza maoni kikiletwa Wajir mjini, muda hauwatoshi wote, na asiyefikiwa huambiwa aandike. Aandike nini, mtu aliyehesabu mifugo maisha yake yote bila kushika kalamu? Anayoyajua ni mazito: ushuru wa mnada, nauli ya lori la kwenda Garissa, mnunuzi anayetoweka na deni. Yote yanabaki kifuani.

Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Hakikusema wanaojua kuandika peke yao. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, na jaji akatilia shaka tangazo la siku moja gazetini katika nchi ambayo wengi hawana uwezo wa kununua gazeti. Lakini sheria ya 2012 kuhusu maombi kwa Bunge inakubali Kiingereza na Kiswahili tu. Kisomali, lugha ya nyumbani Tarbaj, hakimo.

Wafugaji hawaombi upendeleo. Karani wa kikao aandike ushahidi wa mdomo, amsomee msemaji kwa Kisomali, naye msemaji aweke dole gumba, nao uhesabiwe sawa na memoranda iliyoandikwa na wakili. Siku ya mwisho ya kupokea maoni iwekwe baada ya angalau minada miwili, kwa kuwa mnadani ndiko watu wa malisho ya mbali hukutana. Ripoti ya kamati ya Bunge nayo irudi huko huko, isomwe kwa kipaza sauti: maoni yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na kwa nini.

Msomaji,
Tarbaj, Kaunti ya Wajir