Maabara tunazo, ufunguo anao nani?

Leo tuongee kuhusu maabara za shule zetu za kata, hasa huku kwetu Tabora, maana kila mtu anasifia majengo halafu hakuna anayeuliza ndani kunafanyika nini.

Tukumbushane kidogo. Novemba 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara 3: fizikia, kemia na baiolojia. Muda ukaja kuongezwa mpaka Juni 2015. Wananchi wakachangishwa, wengine wakalalamika mpaka basi, lakini kuta zikasimama. Sasa kuta siyo somo jamani. Maabara inataka maji, moto, kemikali (ambazo zinaisha!) na mtu wa kuiendesha. Hapo ndipo wanapoingia wafadhili na makatoni yao.

Shule niliyosoma mimi, jina naliweka kapuni, tuliletewa makatoni hayo kutoka nje. Siku ya kukabidhi picha zikapigwa, hotuba zikatolewa, halafu vitu vyote kabatini, kofuli juu. Eti kikivunjika nani atalipa? Na mwalimu simlaumu sana, maana kikivunjika anayeulizwa ni yeye. Mpaka namaliza kidato cha nne nilikiona kipimajoto kikitoka mara moja tu. Tukachemsha maji, yakatokota kabisa, chenyewe kikagoma kwenye 96. Mwalimu akasema hiki kibovu, andikeni 100.

Kilikuwa kizima! Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda juu mgandamizo wa hewa unapungua, maji yanachemka mapema, kama digrii 1 kwa kila mita 300. Piga hesabu mwenyewe. Ile 100 ya kitabuni ni ya Bagamoyo, siyo ya kwetu. Darasa zima tulishika jibu la kweli mkononi tukaambiwa tulifute.

Na ujanja huu ulishatumika kwenye njia hii hii ya misafara. Mwaka 1858 Speke alitoka Kazeh, yaani Tabora, akaenda kaskazini mpaka Ziwa Nyanza (ambalo wenyeji walikuwa wanalijua siku nyingi, hilo tusisahau). Vifaa vyake vizuri vilishaharibika, kabaki na kipimajoto cha maji ya kuoga. Akachemsha maji, akasoma, akapata kimo cha ziwa kisichopishana sana na mita 1,134 tunazozijua leo.

Msaada kukwamia njiani nao siyo jambo jipya huku. Livingstone aliporudi Ujiji Oktoba 1871 alikuta mizigo aliyotumiwa kutoka pwani imeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Ya kwetu angalau imefungiwa tu, sijui ipi afadhali.

Kuna msaada mwingine mimi naukubali zaidi. Walimu wa kujitolea wa Peace Corps hapa Tanzania waliandaa mwongozo unaitwa Shika na Mikono, majaribio ya sayansi kwa vitu vya dukani na sokoni. Ndiyo mtindo wa asidi kutoka kwenye maji ya betri, au juisi ya choya: tia limau inakuwa nyekundu, tia magadi inageuka kijani. Choya haifungiwi kabatini, ikimwagika unachemsha nyingine.

Ila tusidanganyane, hadubini huwezi kuitengeneza kwa choya. Makatoni bado tunayahitaji. Ninachotaka mfadhili akija na hadubini 10 aweke na fungu la kuvunjika, iandikwe kabisa kwamba 2 zikiharibika mikononi mwa wanafunzi hakuna wa kuandika barua ya maelezo. Na halmashauri ikipokea, itaje hapo hapo kemikali za mwakani zitanunuliwa na nani.

Haya, wa Nzega, Urambo, Sikonge, Igunga: kwenu ufunguo anakaa nao nani, na kabati lilifunguliwa lini mara ya mwisho? Mwenye kipimajoto achemshe maji atuambie kinasoma ngapi.