Fizikia Imo Gerejini Kapkatet
Gari kuukuu la petroli hutegemea platini: vyuma viwili vikutanavyo na kuachana ili koili ipeleke cheche kwenye plagi. Umeme huviunguza, gari likagoma. Fundi wa jua kali aweza kuunda saketi ya transista, kifaa kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1947. Transista ikabeba mkondo mkubwa, platini zikabakiwa na mdogo, zikadumu.

Hayo yote fundi wa Kapkatet huyaeleza kwa Kiswahili. Mbona basi, nauliza, darasani mwanafunzi hukariri mkondo uo huo kwa Kiingereza asielewe? Istilahi tunazo: TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Walimu wenzangu, tuwapeleke wanafunzi gerejini. Mtihani utawakuta wameelewa.