Nyaya mbili tu? Tuache kudanganyana!

Kuna sentensi moja ambayo kila anayeanza kujenga reli ya mfano hukutana nayo kabla hata hajanunua injini ya kwanza: "Siku hizi ni rahisi, unaunganisha nyaya mbili tu, mengine yote ni kidijitali." Wauzaji wanaisema. Wanaojiita wataalamu wanairudia. Na sisi watu wa programu ndio tunaoipenda kuliko wote, maana inatuambia tunachotaka kusikia: kwamba kazi yote iko kwenye kompyuta. Leo naipinga. Ni uongo, tena ni uongo wa hatari.

Kwa wageni wa mambo haya, nieleze kidogo. Reli ya mfano ni treni ndogo ya mezani. Katika kipimo cha HO, kila kitu kimepunguzwa mara 87, na nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Umeme unapita kwenye reli zenyewe, na magurudumu ya chuma huupeleka kwa mota. Katika mfumo wa zamani wa analogi, ukiongeza volti treni inakimbia, ukibadilisha chanya na hasi inarudi nyuma. Ubaya wake ni kwamba treni mbili zikiwa kwenye reli moja, zote hutii mkono mmoja. Ukitaka kuzitenganisha, unakata reli vipande na kukiwekea kila kipande swichi yake. Ndipo watu walipochoka na nyaya.

Ikaja DCC, mfumo uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kiwango cha wazi na NMRA, chama cha wapenda reli za mfano cha Marekani, katika miaka ya 1990. Nakiri ni itifaki tamu kusoma. Reli hupewa volti kamili wakati wote, kama 15 hivi kwa HO, na umeme hugeuzwa huku na huku ili kubeba biti. Kila nusu ya biti ya 1 huchukua mikrosekunde 58, na kila nusu ya biti ya 0 kwa kawaida huchukua 100 au zaidi. Pakiti ina anwani ya injini, amri, na baiti ya mwisho ya XOR ya kukagua makosa. Dikoda iliyo ndani ya injini husoma pakiti. Ikiwa si yake au imeharibika, huitupa. Safi kabisa!

Lakini hebu tufikiri kama watu wa mitandao. Katika DCC ya msingi, kituo hutuma tu, dikoda haijibu. Ni kama UDP. Kituo hurudia-rudia amri kikitumaini kwamba moja itafika. Na kebo ya mtandao huu ni nini? Ni reli zenyewe, zilizounganishwa kwa vibati vidogo ambavyo hulegea na kushika uchafu. Nani kati yenu angejenga mtandao wa ofisi kwa kebo ya namna hiyo, halafu akae chini kutafuta kosa kwenye programu?

Tupige hesabu. Chukua meza ya urefu wa mita 5, treni zikivuta ampea 3. Waya wa simu wenye kipenyo cha nusu milimita una takriban omu 0.09 kwa mita. Kwenda na kurudi ni mita 10, yaani omu 0.9. Hapo umepoteza volti 2.6 kabla hujahesabu hata kibati kimoja. Waya wa 2.5 mm², ule ule wa soketi za nyumba unaouzwa katika duka lolote la vifaa vya umeme, hupoteza volti 0.2 tu. Hakuna programu inayorudisha volti zilizopotea njiani.

Na hatari iko wapi? Iko hapa. Kituo cha ampea 5 hukata umeme pale tu mkondo unapozidi ampea 5. Kwa volti 15, maana yake ni lazima ukinzani wa njia nzima uwe chini ya omu 3. Kama nyaya zako nyembamba na viungo vyako vilivyolegea vimefika omu 4, gari likianguka na kupiga shoti, mkondo utakuwa ampea 3.75. Kituo kitaona ni treni tu zinafanya kazi! Wakati huo wati 56 zinageuka joto kwenye nyaya na viungo. Pasi nyingi za kulehemu ni za wati 30 hadi 60. Umewasha pasi ya kulehemu ndani ya mandhari yako ya plastiki na mbao, na huna habari.

Kuna wanaonijibu kwamba wao wanatumia nyaya mbili na treni inazunguka vizuri. Nakubali. Duara dogo la mezani, injini moja, reli mpya: nyaya mbili zinatosha. Lakini hakuna anayeishia hapo. Utaongeza njia panda, utaongeza urefu, na siku moja utaizungusha reli irudi ilikotoka, ambapo reli ya kushoto hukutana na ya kulia na kupiga shoti. Hapo nyaya mbili zimekwisha maneno.

Basi anayeanza afanye nini? Si mengi:

1. Pitisha nyaya mbili kuu za 2.5 mm² chini ya meza yote, nyekundu na nyeusi, na usichanganye rangi hata mara moja.

2. Kila kipande cha reli kipate waya wake mdogo wa kushuka kwenye nyaya kuu, uliolehemiwa. Usitegemee vibati.

3. Fanya mtihani wa sarafu. Laza shilingi 20 juu ya reli zote mbili, kila baada ya hatua moja. Kituo kikate umeme papo hapo, KILA MAHALI. Kisipokata, kazi haijaisha, rudi chini ya meza.

4. Umeme wa nyumbani wa volti 240 usiingie chini ya meza. Tumia pawasaplai iliyofungwa vizuri.

Baada ya hapo njoo kwenye kompyuta, mimi nitakuwa wa kwanza kukushangilia. Kituo cha DCC unaweza kukijenga kwa Arduino na programu huria ya DCC-EX, iliyotokana na DCC++. Kuna pia JMRI, ya Java, ambayo faili zake za dikoda zilileta kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua katika kesi hiyo kwamba masharti ya leseni huria yanaweza kulindwa kwa sheria ya hakimiliki. Kila anayeandika programu huria anadaiwa shukrani na watu wa treni ndogo.

Na msiniambie waya ni kazi ya fundi, si ya msomi wa kompyuta. Neno "hacker" tunalojivunia lilikuzwa na wanafunzi wa klabu ya reli za mfano ya MIT, iliyoanzishwa mwaka 1946. Kabla ya kugusa kompyuta ya TX-0, walikuwa chini ya meza wakiunganisha relei za simu ili treni zitii. Steven Levy ameyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1984.

Walioanzisha ufundi wetu walianza na waya. Sisi ni nani tuuone mchafu? Nunua pasi ya kulehemu kabla ya dikoda ya pili, na ubaki na shilingi 20 mfukoni.