Kimrija cha Miezi Mitatu

Mwezi huu nilipanga kuwaletea fungate ya Mikumi, tembo wanakatiza barabara na wewe umemwegemea laazizi wako. Itabidi isubiri. Shosti wangu mwalimu wa Kilosa kanibadilishia mada.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa na wiki sita macho yake shosti yalipogeuka njano, mkojo kama chai ya rangi, mwili unamwasha. Mama mkwe akachemsha majani. Bahati nzuri mume, anayetembeza watalii hifadhini Mikumi, hakungoja majani yapoe. Alimpeleka Morogoro kwa ultrasaundi: jiwe limeziba mrija wa nyongo. Wakapewa rufaa ya Dar.

“Shemeji, huo mpira wa kamera una usalama?” akaniuliza kwenye simu.

Swali zuri. Daktari anapitisha mpira mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, anachana kidogo mdomo wa mrija wa nyongo, analivuta jiwe. Tumbo halipasuliwi. Ufundi huo upo tangu 1974. Lakini si mchezo: katika wagonjwa 100, kama watano hadi 10 hivi huvimba kongosho. Wengi wanapona baada ya siku chache, wachache wanazidiwa. Kuvuja damu au utumbo kutoboka hutokea mara chache, na wanaokufa hawafiki mmoja katika 100. Kwa hiyo ukirudi nyumbani tumbo likakata hadi mgongoni, ukatapika, au choo kikawa cheusi, usimeze panadol ukalala. Rudi hospitali.

Jiwe la shosti halikutoka lote. Akawekewa kimrija cha plastiki nyongo ipite, arudi baada ya miezi mitatu. Na hapa ndipo wengi tunapoponzeka, maana kimrija hiki kazi yake ni ya muda tu. Kinaziba, wadudu wanazaliana, nyongo inarudi nyuma.

Sasa mtu hana maumivu, ananyonyesha, ana madaftari ya kidato cha nne ya kusahihisha, mume msimu wa watalii umemkolea. Nani atakumbuka? “Mbona niko fiti!” aliniambia. Na nauli haikuwa kisingizio, treni ya umeme ya kwenda Dar inasimama Kilosa tangu 2024.

Mwezi wa nane, saa tisa usiku, homa na kutetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Damu ilikuwa imeshaingia wadudu. Alilazwa siku 11, kimrija kikatolewa na mawe yaliyobaki, kisha akapasuliwa kuondoa kifuko cha nyongo chenyewe, kwa sababu kikibaki na mawe yake huwa kinamwaga mengine mrijani.

Nilipokwenda kumwona mtoto, tulikuta bahasha ya hospitali juu ya kabati, chini ya kitenge alichozawadiwa na mama mkwe. Tarehe ya kurudi ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu.