Mtoto Alipoleta Chupa ya Viluwiluwi

Wazazi wenzangu, juma hili nataka kuungama kosa langu mbele yenu, ili ninyi msilifanye.

Mjukuu wangu yumo darasa la pili. Siku moja, masika yalipoanza, alirudi kutoka shule na chupa iliyofungwa kitambaa mdomoni. Ndani mlikuwa na maji machafu na vidudu vidogo vikipanda na kushuka. Akaniambia, "Babu, hawa ni mbu."

Kwanza nikacheka, kisha nikakasirika. "Mbu ana mabawa! Nimekupeleka shule usome, siyo uchezee matope." Nikaichukua chupa ile, nikaimwaga nyuma ya nyumba. Mtoto hakulia. Alinyamaza tu. Alikuwa amezoea kuniuliza maswali kumi kabla ya chakula cha jioni. Tangu siku ile hakuniuliza hata moja.

Kimya kile kikanichoma. Jumapili baada ya Misa nikamwendea mwalimu wake, tena nikiwa na lawama. "Mwalimu, mbona watoto mnawatembeza vichakani badala ya kuwafundisha?" Akanijibu kwa adabu, "Mzee, karibu kesho saa nne ujionee."

Basi nikaenda. Dirishani pa darasa palikuwa na chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa na maji ya dimbwi na viluwiluwi, ya pili maji yaliyochemshwa. Zote mbili zilifunikwa kipande cha chandarua kikuukuu na kufungwa kamba barabara, mbu asipate njia ya kuingia wala ya kutoka. Kila asubuhi mtoto mmoja huhesabu, mwingine huchora, na wa tatu huandika tarehe ubaoni.

Mwalimu akanieleza jinsi kazi ile ilivyoanza. Aliwauliza watoto, "Mbu hutoka wapi?" Mmoja akasema huzaliwa na majani. Mwingine akasema huletwa na baridi. Wa tatu akasema hutoka migombani. Mwalimu hakuwacheka wala hakuwapa jibu. Aliwatoa nje, wakachota maji katika alama za kwato za ng'ombe na katika mashimo. Kisha wakangoja.

Kwa joto la kwetu, juma moja au mawili yanatosha. Yai huwa kiluwiluwi, kiluwiluwi hukua, halafu hujikunja kama alama ya mkato. Mwisho ngozi hupasuka, mbu hutoka, naye husimama juu ya maji akikausha mabawa. Katika chupa ya kwanza mbu wakatokea. Katika ya pili hakikutokea kitu. Watoto wakawa wamejijibu wenyewe.

Msidhani ni mchezo. Zamani watu wengi waliamini kwamba funza huzaliwa na nyama iliyooza. Mwaka 1668 daktari wa Italia, Francesco Redi, akaeleza jinsi alivyoweka nyama katika vyombo, vingine wazi na vingine vimefunikwa kitambaa. Nyama iliyofunikwa haikuingia funza, kwa kuwa nzi hawakupata kutaga mayai juu yake. Njia yake ndiyo ile ile ya chupa mbili za dirishani: linganisha vitu viwili, kisha macho yaamue.

Mwalimu akaniita karibu na chupa. "Tazama, Mzee, jinsi wanavyokaa majini. Wapo viluwiluwi wanaoning'inia kichwa chini. Hao ni wa mbu wa aina nyingine. Hawa wanaolala sambamba na uso wa maji ni wa mbu anayeitwa Anofelesi. Huyo ndiye mwenye kueneza malaria." Akasema pia kwamba mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross alikuta vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu wa jamaa hiyo.

Nikauliza, "Hawa mmewatoa wapi?" Darasa zima likanyamaza. Mjukuu wangu akainamisha kichwa, akasema polepole, "Nyuma ya nyumba, Babu. Katika shimo la matofali."

Kumbe! Shimo lile nilikuwa nimelichimba mimi, nipate matofali ya kujengea jiko, nikaliacha wazi. Na masika yale mdogo wake alikuwa amepelekwa zahanati mara mbili kwa malaria. Mtoto yule hakuleta matope nyumbani. Alileta onyo, nami nikalimwaga.

Jioni ile tulishika jembe, mimi na yeye, tukalifukia shimo. Sisemi kwamba malaria imekwisha kwetu. La hasha! Twalala ndani ya chandarua, na mwenye homa hupelekwa kupimwa upesi. Lakini shimo moja limepungua, na maswali yamerudi.

Wazazi, mtoto akiuliza jambo usilolijua, usione haya. Mwambie, "Twende tukaone." Weka maharage katika kitambaa chenye maji, naye atazame mzizi ukitangulia kutoka. Simika kijiti uani, apime kivuli chake asubuhi, adhuhuri na jioni. Shule ya namna hii haina ada.

Tena mwe waangalifu. Mtoto mdogo asiende peke yake penye maji, na akisha kushika maji ya dimbwi anawe mikono kwa sabuni. Chupa ya viluwiluwi ifungwe vizuri. Kazi ikiisha kabla mbu hawajatoka, maji yamwagwe juani penye udongo mkavu. Viluwiluwi hawaishi pasipo maji.

Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nami naongeza: amfungaye mtoto kinywa asiulize, naye hanalo ajifunzalo.

Haya, tuonane juma lijalo.